Moyo Unapochafuka

Katika dhiki zote zimpatazo mgonjwa, hapana iliyokosa heshima kama kichefuchefu. Mwenye homa hufunikwa blanketi na watu wa nyumba wakatembea kwa kunyata. Aliyevunjika mguu hupokea wageni na matunda, na habari ya namna alivyoanguka husimuliwa mara nyingi mpaka ikapambika. Lakini mtu ambaye moyo umemchafuka, aliyejiinamia ukingoni mwa kitanda, jasho la baridi likimtoka katika paji la uso na mate yakimjaa kinywani, naye hajui kama atatapika au hatatapika, huwekewa ndoo akaachiwa faragha yake. Maumivu huwa na mahali, na mgonjwa huweza kuyaonyesha kwa kidole. Kichefuchefu hakina mahali maalumu: muulize mgonjwa kinamshika wapi, atagusa tumbo, kisha kifua, kisha koo, na mwisho kichwa, na kote huko hatakuwa amesema uongo.

Wenye elimu ya mwili wanatwambia kwamba jambo hili huamuliwa katika shina la ubongo, pale ubongo unapoteremka kwenda kukutana na uti wa mgongo. Hapo pana kisehemu kidogo ambacho kazi yake ilithibitishwa kwa majaribio, mwanzoni mwa miaka ya 1950, na wataalamu wawili waliokuwa Marekani, Borison na Wang. Ubongo kwa desturi umezungushiwa hifadhi, kwa kuwa mishipa yake ya damu ina kuta zilizokazana, zisizopitisha ovyo kila kilichochanganyika na damu. Kisehemu hiki kimenyimwa hifadhi hiyo, na kunyimwa huko ndiko kunakokipa kazi, maana huionja damu ipitayo, na kikihisi ndani yake kitu chenye dalili ya sumu hupeleka habari, nalo tumbo husita kusaga, mate huongezeka, uso hupauka, na misuli hujiweka tayari kukitoa kilichoingia. Ni bawabu aliyewekwa nje ya mlango, apigwe na jua na upepo, ili wenyeji walio ndani wasalimike.

Bawabu huyu hapati habari kwa njia ya damu peke yake. Utumbo nao humletea zake kwa neva ndefu iitwayo vegasi, ambayo huamshwa na kemikali ya serotonini. Na yapasa kukumbuka kuwa takriban sehemu tisa katika kumi za serotonini yote ya mwili hukaa katika utumbo, wala si katika ubongo kama wengi wanavyodhani. Sikio la ndani humpa habari za mwendo. Abiria wavukao kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja wakati wa kusi wanalifahamu jambo hili bila ya kufundishwa: ndani ya boti madirisha yamefungwa, kiti hakisogei, macho yanashuhudia utulivu, ilhali sikio linasema kwamba dunia nzima inapanda na kushuka, na kwa sababu mashahidi hao wawili hawapatani, hukumu hutolewa dhidi ya tumbo. Mabaharia wa boti hizo hugawa mifuko mapema, nao hawakosei. Atokaye nje akakodoa macho kwenye upeo wa bahari hupata nafuu kuliko ajifungiaye na simu yake, kwa kuwa angalau macho yake na sikio lake sasa yanasimulia kisa kimoja.

Njia ya mwisho ni ile itokayo katika ubongo wa juu, yenye harufu, hofu na kumbukumbu. Aliyewahi kuugua baada ya kula samaki aliyechacha huweza kuchafukwa moyo miaka kadhaa baadaye kwa kupita tu mbele ya karai la samaki wale wale, hata wakiwa wabichi wametoka baharini asubuhi hiyo.

Si kila kiumbe kilichopewa uwezo wa kutapika. Panya hawezi. Akila sumu hana budi kukaa nayo, na pengine ndiyo sababu huonja chakula kigeni kwa hadhari kubwa, kidogo kidogo, kama wanavyojua wote waliowahi kumtegea. Wataalamu wakitaka kujua kama dawa mpya itamchafua mtu moyo, humpa panya dawa hiyo wakamwekea udongo mweupe wa kaolini kando ya chakula chake, kisha wakapima udongo uliopungua, kwa maana panya aliyechafukwa hula udongo. Nitaurejea udongo huu nitakapofika kwa mama wajawazito.

Ila kubwa ya bawabu wetu ni kwamba hana elimu ya kutofautisha sumu na dawa. Aonapo kitu kigeni katika damu hapigi ramli ya kujua kama kimetoka katika uyoga wa porini au katika chupa ya mfamasia, na hapo ndipo taabu ya wagonjwa wengi inapoanza, kwani kichefuchefu kile kile kimoja huweza kuwa na maana mbili zinazopingana: kwamba dawa inafanya kazi yake njema ila ina karaha, au kwamba dawa imevuka mpaka na sasa inamdhuru aliyepaswa kuponywa. Mgonjwa asiyeelezwa tofauti hiyo hujichagulia mwenyewe, na aghalabu huchagua vibaya. Yuko anayevumilia kimya asilopaswa kuvumilia, na yuko anayetupa dawa ambayo angeendelea nayo angepona.

Tazama dawa za kifua kikuu. Matibabu ya kawaida ni ya miezi sita: miwili ya mwanzo kwa dawa nne zilizochanganywa ndani ya kidonge kimoja, na minne ya mwisho kwa dawa mbili. Mtu mzima aghalabu humeza vidonge vitatu au vinne kwa mara moja, kwa kadiri ya uzito wake, na ni bora avimeze tumbo likiwa tupu ili viingie barabara mwilini. Na tumbo tupu ndilo lisilostahimili vidonge hivyo. Katika baraza la zahanati moja nilimsikia mzee akimwambia muuguzi, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukata shauri, "Mwanangu, dawa hizi zimenikataa." Yule binti hakumkemea wala hakumhubiria. "Pole, babu. Unazinywa saa ngapi?" Mzee akajibu kwamba huzinywa alfajiri, akishasali, kabla hajatia kitu tumboni, na zote kwa funda moja ili yaishe. "Basi kuanzia leo zinywe usiku ukitaka kulala, au utangulize uji kidogo. Na usizimeze zote pamoja, babu, kimoja kimoja, na maji kidogo kidogo. Mkojo una rangi gani?" Mzee akainamisha kichwa kwa haya: mwekundu. "Huo ni wa dawa, usikutishe. Hebu nikutazame macho." Akamgeuza kuelekea kwenye mwanga wa mlango, akamvuta ukope wa chini kwa kidole gumba, akatazama weupe wa jicho kwa muda, kisha akamwachia.

Wote waliokuwa barazani waliona muuguzi akimtazama mzee macho, na nadhani wachache walifahamu kwamba katika kutazama huko ndimo ilimokuwa hukumu yote. Dawa za kifua kikuu huchafua moyo kwa wengi, na jambo hilo hutulizwa kwa kubadili saa na kwa tonge la chakula. Lakini baadhi yake huweza pia kulijeruhi ini, na ini lililojeruhiwa hutangaza hali yake kwa kichefuchefu kile kile, kikifuatana na uchovu usio na sababu, kukosa kabisa hamu ya chakula, na macho kugeuka manjano. Huyu wa pili hapewi uji. Huyu husimamishiwa dawa siku hiyo hiyo na kupelekwa kwa daktari. Rangi ya mkojo peke yake haitoshi kuamua, kwa kuwa dawa ya rifampisini huutia mkojo wekundu hata kwa mtu aliye salama, na ndiyo maana binti yule alitaka kuona weupe wa jicho kabla hajamruhusu mzee kurudi nyumbani na vidonge vyake.

Dawa ya mseto ya malaria ina mtihani wa namna nyingine. Tanzania na Kenya zilianza kuitumia mwaka 2006, nayo hutolewa kwa vipimo sita ndani ya siku tatu. Mmoja wa washirika wawili wa mseto huo, lumefantrini, ni mpenzi wa mafuta: ikinywewa pamoja na chakula chenye mafuta mengi huingia katika damu mara 16 zaidi kuliko ikinywewa na njaa. Sasa mfikirie mgonjwa wa malaria, ambaye homa yenyewe imekwisha kumchafua moyo, harufu ya kitunguu kinachokaangwa kwa jirani inamtoa nje, nawe unamsimamia na sahani ya pilau ukimwambia ale ili dawa imfae! Bahati njema hapana haja ya pilau. Kikombe cha maziwa, au uji uliotiwa maziwa au tui, hutosha. Akitapika kabla ya saa moja kupita tangu alipomeza, kipimo kile hurudiwa, kwani dawa imetoka pamoja na maziwa. Na kwa kuwa vidonge vyake vilihesabiwa, arudi kituoni apewe vingine, asikope katika vya kesho. Asiyeweza kuzuia kitu chochote tumboni asiendelee kujaribiwa nyumbani, maana huyo ana haja ya sindano.

Kwamba kichefuchefu huweza kuwa kipimo cha dawa si elimu ya jana. Mwaka 1785 tabibu wa Kiingereza William Withering, aliyekuwa akitibu watu Birmingham, alitoa kitabu juu ya mmea wa digitali na matumizi yake kwa wagonjwa wanaovimba mwili. Dawa hiyo aliipata katika mchanganyiko wa majani 20 au zaidi ambao ajuza mmoja wa Shropshire alikuwa ameufanya siri yake. Mchanganyiko ule uliwatapisha na kuwaharisha watu kwa nguvu, na ilikuwa rahisi kudhani kuwa kutapika ndiko kulikoponya. Withering alitambua kwamba ni jani moja tu lenye kazi, na kwamba kutapika kulikuwa ni dalili ya kuzidisha. Akashauri dawa isimamishwe mara tu taathira yake ya kwanza ionekanapo, iwe katika figo, tumbo, mapigo ya damu au matumbo. Aliandika pia kwamba waliozidishiwa huona vitu vina rangi ya kijani au manjano. Digoksini ya leo, iliyotokana na jamii hiyo hiyo ya mimea, bado hupewa baadhi ya wenye maradhi ya moyo, na mpaka sasa mzee aitumiaye ambaye ghafla hataki chakula na moyo unamchafuka hapelekewi tangawizi, hupimwa damu.

Dawa nyingine nitazipitia kwa haraka. Metformini ya kisukari huanzishwa kwa kipimo kidogo na pamoja na chakula, na wengi huizoea kwa majuma machache. Erithromaisini huutikisa utumbo wenyewe, na metronidazoli huacha kinywani ladha ya chuma. Sindano mpya za kisukari, ambazo sasa zavuma kwa kupunguza unene, hulichelewesha tumbo kumwaga kilichomo na kuugusa ubongo pia, hata baadhi ya wazitumiao kwa urembo wamegundua kwamba sehemu ya wembamba wao wameilipia kwa siku nyingi za kuchukia sahani.

Walakini hapana dawa zilizomtesa bawabu kama zile za saratani. Sisplatini, ambayo Barnett Rosenberg na wenzake waligundua nguvu yake katika miaka ya 1960, na Marekani ikairuhusu mwaka 1978, huwatapisha zaidi ya watu 90 katika kila 100 wasipopewa kinga. Wagonjwa walikuwa wakitapika kutwa, na wako waliochagua kufa na uvimbe wao kuliko kurudi kwa dripu ya pili. Baya zaidi, ile njia ya kumbukumbu hufunguka: mgonjwa akaanza kuchafukwa aonapo lango la hospitali, au anusapo spiriti ya muuguzi, dawa yenyewe ikiwa bado kabatini. Ondansetroni, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1991, iliyabadili mambo hayo kwa kuizuia serotonini isiiamshe vegasi. Siri ya kuitumia ni kuwahi. Hutolewa kabla ya dripu, kwa kuwa ni rahisi kukizuia kichefuchefu kuliko kukituliza kilichokwisha kuanza, na mara ya kwanza ikiharibika, mwili huikumbuka kwa mara zote zitakazofuata. Kwa hiyo mgonjwa wa saratani asione haya kusema kwamba safari iliyopita alitapika siku ya tatu, nyumbani, ambako daktari hakumwona. Habari hiyo ina thamani sawa na picha ya eksirei.

Nakuja kwa wajawazito, ambao kwao jambo hili si la wachache: wapatao saba au wanane katika kila kumi huchafukwa katika miezi ya mwanzo. Mwishoni mwa mwaka 2023 watafiti walionyesha kwamba homoni moja, GDF15, itokayo kwa wingi katika mimba, ina mkono mkubwa, na kwamba mwanamke ambaye mwili wake ulikuwa na kiasi kidogo cha homoni hiyo kabla ya kuchukua mimba huumia zaidi, kwa kuwa hakuizoea. Laiti habari hii ingewafikia wakwe wote waliokuwa wakisema kwamba bibi harusi anadeka. Tangawizi huwapa nafuu baadhi yao, na majaribio yameithibitisha kwa kiasi. Kula kidogo mara nyingi, na kula kitu kikavu kabla ya kuinuka kitandani, pia husaidia. Wengine hukimbilia udongo uuzwao sokoni kwa vipande, wakafanya kama yule panya, na si ajabu, kwani udongo wa namna hiyo huweza kweli kushikamana na baadhi ya sumu tumboni. Lakini hushikamana na madini ya chuma vilevile, ambayo mama anayahitaji kwa damu, na huweza kubeba mayai ya minyoo na madini ya risasi. Na mama ambaye hata maji hayakai, uzito unapungua na mkojo umekuwa haba na mweusi, huyo ana ugonjwa kamili unaotibiwa kwa dripu hospitalini.

Hofu ya kumpa mjamzito dawa ina asili yake. Tarehe 1 Oktoba 1957 kampuni ya Ujerumani Magharibi ilianza kuuza dawa ya usingizi, thalidomaidi, iliyosifiwa kuwa haina madhara hata ikizidishwa, na kwa kuwa ilituliza pia kichefuchefu cha asubuhi, wajawazito wa nchi nyingi waliitumia. Watoto zaidi ya 10,000 walizaliwa na mikono au miguu mifupi, au bila ya viungo hivyo kabisa, na wengi hawakuishi. Dawa iliondolewa sokoni Ujerumani mnamo Novemba 1961, baada ya daktari wa watoto wa Hamburg, Widukind Lenz, kuonyesha uhusiano wake na misiba hiyo. Marekani ilisalimika kwa sehemu kubwa kwa ukaidi wa bibi mmoja, Frances Kelsey, aliyekuwa mgeni katika idara ya kusimamia dawa, na ambaye kila kampuni iliposihi na kusukuma alijibu kwa kuomba ushahidi zaidi. Sheria za leo zinazodai kila dawa ithibitishwe kabla ya kuuzwa zina deni kubwa kwake, na kwa watoto wale.

Kuna nyakati ambapo kichefuchefu hakitokani na dawa wala mimba, nacho kisingojwe. Mtoto anayetapika kila anachopewa; kichwa kinachouma kwa ukali na shingo ikakaza; matapishi yenye damu au yaliyo meusi kama machicha ya kahawa; tumbo lililoanza kuuma kitovuni na maumivu yakahamia chini kulia; mwenye kisukari anayetapika huku akihema kwa nguvu; mzee aliyetokwa na jasho na moyo kumchafuka huku kifua kikimbana: hao wote ni wa hospitali, usiku huo huo. Mtoto anayeharisha na kutapika hupewa maji ya chumvichumvi ya pakiti. Akitapika, hungojwa dakika kumi, kisha hupewa tena, polepole zaidi. Na mtoto aliyekunywa mafuta ya taa asitapishwe kwa kidole wala kwa maziwa, maana mafuta yakipandishwa huingia kwenye mapafu, na huko ndiko yanakoua.

Limesalia neno juu ya dawa inunuliwayo dukani kwa jambo hili hili, metoklopramidi, ambayo wengi huiita Plasil. Ni dawa nzuri kwa mtu mzima, kwa siku chache, na wasimamizi wa dawa wa Ulaya mwaka 2013 walisema isizidi siku tano. Lakini kwa watoto na vijana, hasa wasichana, mara nyingine huifunga misuli: shingo ikapinda upande mmoja, macho yakageuka juu yasirudi, ulimi ukatoka, naye binti anasikia kila kisemwacho. Watu wa nyumba hushikwa na hofu, na si ajabu mmoja wao akaenda kumwita mwenye kupunga pepo. Dawa ya kulegeza misuli hiyo ipo katika hospitali nyingi, na aghalabu shingo hunyooka ndani ya nusu saa baada ya sindano. Sharti ni kwamba aliyempeleka achukue na ile karatasi ya vidonge, amwonyeshe daktari alichomeza, asije akatibiwa kifafa asichokuwa nacho.